Dadu, Majoka na Marafiki: Historia Fupi ya Mchezo wa Mezani



Mliohudhuria mkutano wetu uliopita mtakumbuka kwamba usiku, baada ya chakula na hotuba, wazee wanne walionekana kwenye kona ya bwalo wakipiga kelele kuwashinda Kidato cha Kwanza. Mmoja alikuwa akisema kwa sauti kuu kwamba joka limekwisha kumwona. Mwingine alikuwa akiomba msamaha kwa kupoteza shoka. Mimi nilikuwa mmoja wa wazee hao, na Mhariri ameniomba nieleze tulikuwa tukifanya nini. Nimeona si vyema kumjibu kwa mzaha, maana nilipoanza kutafuta asili ya mchezo ule niligundua kwamba una historia ndefu, na kwamba historia hiyo ina jambo la kutufundisha sisi tuliosoma pamoja.

Ilikuwa hivi. Mwenzetu mmoja, tuliyelala naye bweni moja, alifuatana na kijana wake anayesoma chuo kikuu. Kijana alituona tumekaa kimya, kila mtu na soda yake, akatuuliza kama tungependa kucheza. Akatoa mfukoni dadu mbili za kawaida, zile zile za ludo, na karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono. Akasema yeye atakuwa msimulizi, na sisi kila mmoja achague atakuwa nani. Baba yake akachagua kuwa mwindaji, wa pili mganga wa mizizi, wa tatu akasema atakuwa mwizi mwenye moyo mwema. Mimi nikawa mbilikimo mwenye shoka.

Hapa sina budi kusema ukweli. Kati ya wazee wale wanne, wawili, yaani mimi na yule mwizi mwenye moyo mwema, tulikuwa hatujasemezana kwa muda wa miaka 12. Tuliwahi kununua mashine ya kusaga nafaka kwa ubia. Ilipoanza kuleta faida tukaanza kubishana: wazo lilikuwa la nani, na jasho la nani lilikuwa jingi zaidi? Hatukuwa tumeandikiana hata mstari mmoja. Mwishowe tuliuza mashine, tukagawana fedha, na urafiki ukaishia hapo. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu, kama mtakavyoona, historia ya mchezo wenyewe inafanana nalo mno.

MCHEZO UNAVYOCHEZWA

Kwa wale wasioujua, mchezo huu hauna ubao wala kete. Msimulizi anaeleza mahali na jambo linalotokea: mathalan, mko mbele ya pango, ndani mnasikia kitu kikipumua. Kisha anauliza, "Mnafanya nini?" Kila mchezaji hujibu kwa niaba ya mhusika wake. Jambo likiwa rahisi, msimulizi anaendelea na hadithi. Likiwa la hatari, ndipo dadu zinaporushwa.

Kanuni aliyotumia kijana wetu ni nyepesi kabisa. Unarusha dadu mbili na kujumlisha. Ukipata 10 au zaidi, umefaulu. Ukipata 7, 8 au 9, umefaulu lakini kwa gharama: utaumia, utapoteza kitu, au utamwamsha adui. Ukipata 6 au chini ya hapo, mambo yanaharibika. Kanuni za namna hii zilienea duniani baada ya mwaka 2010, ulipotoka mchezo wa Kimarekani uitwao Apocalypse World.

Wanafunzi wa hesabu waiangalie vizuri. Dadu mbili zaweza kuanguka kwa namna 36. Namna 6 tu ndizo zinazotoa 10, 11 au 12. Namna 15 zinatoa 7, 8 au 9, na namna 15 zilizobaki zinatoa 6 au chini yake. Maana yake ni kwamba kufaulu bila kugharimika ni mara 1 katika 6 tu. Aliyebuni kanuni hii aliyajua maisha: mara nyingi mtu hupata alichokitaka, lakini hulipa.

Jambo la pili la kushangaza ni kwamba hakuna mshindi. Msimulizi si adui wa wachezaji, na wachezaji hawashindani wao kwa wao. Wote wanashiriki hadithi moja. Sisi tuliolelewa na bibi zetu jambo hili si geni. Bibi alisema "Paukwa", nasi tukaitika "Pakawa", na bila itiko hadithi haikuendelea. Tofauti ni kwamba katika mchezo huu anayeitikia anaweza kuigeuza hadithi, na dadu nazo zinaweza kumgeuka.

DADU ZILITANGULIA MAJOKA

Binadamu amerusha vitu vya bahati tangu zamani sana. Katika miaka ya 1920 mwanaakiolojia wa Kiingereza, Leonard Woolley, alipochimbua makaburi ya kifalme ya mji wa Ur, katika nchi ambayo leo ni Iraki, alikuta mbao za mchezo zenye umri wa zaidi ya miaka 4,400. Mchezo huo ulichezwa kwa dadu zenye pembe nne.

Huko Bara Hindi mchezo wa pachisi, ambao ndio mzazi wa ludo yetu, ulichezwa kwa kurusha simbi badala ya dadu. Mchezaji alihesabu ngapi zimeangukia mgongo na ngapi zimeangukia tumbo. Waingereza ndio waliouchukua mwishoni mwa karne ya 19, wakaondoa simbi, wakaweka dadu ya pande sita, wakauita ludo. Tusisahau kwamba kwetu pwani neno kete, tunalolitumia kwa mchezo wa bao, ni jina la simbi ndogo pia. Simbi zimetumika katika michezo pande zote mbili za bahari hii.

Lakini mchezo ninaousimulia, katika umbo lake la kwanza, ulihitaji dadu za ajabu zaidi. Katika darasa la jiometria tulifundishwa kwamba kuna maumbo matano tu yaliyo sawa kila upande: lenye nyuso 4, 6, 8, 12 na 20. Euclid, aliyefundisha Alexandria, Misri, yapata mwaka 300 K.K., alimalizia kitabu chake kikuu cha jiometria kwa maumbo hayo hayo. Na katika Misri hiyo hiyo, enzi za wafalme wa Kiyunani na za Warumi baada yao, mafundi walichonga dadu zenye nyuso 20, kila uso una herufi ya Kiyunani. Baadhi yake zimehifadhiwa leo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Kwa hiyo dadu inayoonekana kuwa kitu kipya cha vijana ilikwisha kurushwa katika bara letu yapata miaka 2,000 iliyopita.

VITA VYA MEZANI

Baada ya dadu, kilichohitajika ni mwamuzi. Huyu alitoka jeshini. Mwaka 1812 bwana mmoja aliyeitwa Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha Mfalme wa Prussia mchezo wa vita wa kuchezwa juu ya meza. Mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliutengeneza upya na kuchapisha kanuni zake mwaka 1824. Yeye alitumia ramani za kweli, zilizochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 8,000. Wachezaji waliandika amri zao na kumpelekea mwamuzi, naye mwamuzi alisogeza vikosi, akarusha dadu kuamua hasara, akawaeleza wachezaji yale tu ambayo kamanda wa kweli angeyaona kutoka mahali alipo. Jeshi la Prussia liliutumia mchezo huo kuwafundishia maofisa wake, na baadaye majeshi mengine yakauiga.

Huyo mwamuzi, anayejua yote na kueleza kwa kadiri, ndiye babu wa msimulizi wetu.

Karne iliyofuata, vita vya mezani vikawa burudani ya raia. Mwaka 1913 mwandishi wa Kiingereza H. G. Wells alichapisha kitabu kidogo cha kanuni, Little Wars, cha kuchezea askari wa sanamu na mizinga midogo ya kufyatua vijiti. Mwaka uliofuata vikaanza vita vya kweli, ambavyo hata Tanganyika na Kenya vilifika na kuwamaliza wapagazi wetu kwa maelfu. Lakini burudani ile haikufa. Baada ya Vita Kuu ya Pili ilishika nguvu Marekani, ambako vijana wapenda historia walikutana mwisho wa juma kwenye vyumba vya chini vya nyumba zao, wakirudia vita vya Napoleon kwa vijisanamu.

MARAFIKI WA LAKE GENEVA

Sasa tunafika kwenye kiini. Katika mji mdogo wa Lake Geneva, jimbo la Wisconsin, aliishi Gary Gygax, aliyezaliwa Chicago mwaka 1938. Hakuwa tajiri wala profesa. Alikuwa karani wa kukadiria bima, na alipopoteza kazi hiyo mwaka 1970, alitafuta riziki kwa kushona viatu katika chumba cha chini cha nyumba yake. Lakini alikuwa na kipaji cha kukusanya watu. Mwaka 1968 alikodi ukumbi wa mjini kwao kwa dola 50 ili wapenda michezo ya vita wakutane. Mkutano huo, uitwao Gen Con, ungali ukifanyika kila mwaka na huvutia makumi ya maelfu ya watu.

Katika mkutano wa mwaka uliofuata, Gygax alionana na kijana kutoka jimbo jirani la Minnesota, jina lake Dave Arneson, mwanafunzi wa historia. Kwao Minnesota kulikuwa na mwenzao, David Wesely, aliyekuwa amefanya jaribio la ajabu. Badala ya kumpa kila mchezaji jeshi, alimpa kila mmoja nafasi ya mtu mmoja katika mji wa kubuni wa Kijerumani: huyu awe meya, huyu ofisa, huyu mwanafunzi mkorofi. Wachezaji wakatawanyika pembeni wakinong'onezana, wakisalitiana, wakifanya mambo ambayo kanuni hazikuyatazamia. Wesely alidhani mchezo wake umeharibika. Wachezaji walimwomba aurudie.

Arneson alilishika wazo hilo, akalipeleka mbali zaidi. Alibuni nchi aliyoiita Blackmoor, yenye ngome, na chini ya ngome mahandaki yaliyojaa mazimwi. Mchezaji alikuwa na mtu wake yule yule juma hadi juma. Akinusurika, alizidi kuwa hodari. Gygax naye, pamoja na Jeff Perren, alikuwa amechapisha mwaka 1971 kanuni za vita vya enzi za kati, zikiwa na nyongeza ya wachawi na majoka. Mwishoni mwa mwaka 1972 Arneson na rafiki yake David Megarry walisafiri hadi Lake Geneva kuonyesha waliyoyafanya. Gygax alivutiwa, akakaa chini na taipureta yake kuandika kanuni kamili. Wa kwanza kuzijaribu walikuwa wanawe wawili, wakicheza na baba yao nyumbani.

Tazameni basi: wazo la kila mtu kuwa mhusika lilitoka kwa mmoja, nchi na mahandaki kwa mwingine, kanuni na maandishi kwa wa tatu, na majaribio kwa watoto. Hata mbilikimo na viumbe wenzake walitokana kwa sehemu na hadithi za J. R. R. Tolkien, Mwingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika ya Kusini, mwaka 1892. Ni nani awezaye kusema peke yake, "Ni wangu"?

Na dadu je? Kanuni zilihitaji bahati za aina nyingi kuliko dadu ya pande sita inavyoweza kutoa. Gygax alizipata dadu za maumbo yale matano ya Euclid katika orodha ya bidhaa za vifaa vya shule. Ziliuzwa kwa walimu ili wafundishie hesabu! Nawaomba walimu wetu wa hesabu wajivunie jambo hili.

Fedha ikawa tatizo. Gygax hakuwa nayo. Aliyeokoa jahazi alikuwa Don Kaye, rafiki yake tangu utotoni. Mwezi wa Oktoba 1973 wawili hao walianzisha kampuni, na Kaye alikopa dola 1,000 kwa dhamana ya bima yake ya maisha. Baadaye Brian Blume aliingia na dola 2,000. Hivyo, mwezi wa Januari 1974, zilitoka nakala 1,000 za Dungeons & Dragons: vijitabu vitatu ndani ya boksi, bei dola 10. Maboksi yalipangwa kwa mkono. Ziliuzwa zote kabla ya mwaka kwisha.

Don Kaye hakuona zaidi ya hapo. Alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo mwezi wa Januari 1975, akiwa na umri wa miaka 36.

WANAFUNZI WAWILI WA ZAMANI

Mchezo ulivukaje bahari? Hapa ndipo wanachama wa chama kama chetu wanapopaswa kusikiliza kwa makini, maana waliouvusha walikuwa wanafunzi wa zamani wa shule moja. Ian Livingstone na Steve Jackson walisoma pamoja katika shule ya sekondari ya wavulana ya Altrincham, kaskazini ya Uingereza. Walipokuwa watu wazima walipanga chumba pamoja London, na mwaka 1975, pamoja na John Peake, walianzisha kampuni ndogo waliyoiita Games Workshop. Bidhaa zao za kwanza zilikuwa mbao za michezo alizozichonga Peake, na miongoni mwake ulikuwa mchezo wa jamii ya mankala, yaani ndugu wa bao letu.

Walichapisha kijarida chao, wakakituma kila mahali. Nakala moja ikamfikia Brian Blume kule Lake Geneva, naye akawapelekea boksi moja la mchezo mpya. Livingstone na Jackson walicheza, wakapagawa. Waliagiza maboksi sita, maana fedha yao iliishia hapo, na kwa maboksi hayo sita wakapewa haki ya kuuza Ulaya nzima kwa miaka mitatu. Peake, ambaye mchezo ule haukumvutia, alijitoa. Wawili waliobaki walipita katika dhiki: mwaka 1976 walilala ndani ya gari la Jackson kwa muda wa miezi mitatu, na walijiunga na klabu ya mchezo wa skwoshi ili wapate mahali pa kuoga. Mwaka 1978 walifungua duka lao la kwanza, Hammersmith.

Mwaka 1982 wawili hao waliandika pamoja kitabu, The Warlock of Firetop Mountain. Kina vifungu 400 vyenye namba, na msomaji huchagua mwenyewe aende kifungu gani, akitumia dadu mbili na penseli kupigana na mazimwi. Kila mmoja aliandika sehemu yake, kisha wakaviunganisha. Vitabu vya mfululizo huo vimeuzwa kwa mamilioni duniani. Mwaka 2022 Livingstone alipewa heshima ya kuitwa Sir. Miaka mingi baada ya kutoka darasani, majina yao bado yanatajwa pamoja.

HOFU NA UGOMVI

Sitaki kuwadanganya kwamba mambo yote yalikuwa mazuri. Kwanza ilikuja hofu. Mwaka 1979 kijana mmoja wa chuo kikuu huko Michigan alitoweka, na magazeti yakaandika kwamba amepotelea katika mahandaki ya chini ya chuo kwa sababu ya mchezo huu. Alipatikana akiwa hai baada ya majuma kadhaa, na ilikuja kujulikana kwamba alikuwa na huzuni nyingine nzito moyoni ambazo hazikuhusiana na dadu. Lakini uvumi ukakimbia kuliko ukweli, na kwa miaka kadhaa wazazi wengi wa Marekani waliuona mchezo kuwa ni uchawi. Kwetu pia, sheria za bweni zilikataza dadu na karata, na siwalaumu waliozitunga, kwani wakati ule dadu iliandamana na kamari. Wadogo zangu mtofautishe: katika mchezo huu hakuna anayeweka fedha, na hakuna anayeondoka na cha mwenzake.

Pili ulikuja ugomvi, na huo ndio uliouma zaidi. Arneson alihamia Lake Geneva mwaka 1976 kufanya kazi katika kampuni, akaondoka kabla mwaka haujaisha. Vilipotoka vitabu vipya vya mchezo vikiwa na jina la Gygax peke yake, Arneson alikwenda mahakamani mwaka 1979 kudai stahili yake. Shauri lilimalizika kwa mapatano mwaka 1981, na wote wawili wakatambuliwa kuwa waanzilishi. Gygax mwenyewe hakusalimika. Mwaka 1985 alishindwa katika mvutano wa hisa, akaondolewa katika kampuni aliyoianzisha na rafiki yake wa utotoni. Kampuni nayo ilielemewa na madeni, ikauzwa mwaka 1997. Gygax alifariki mwaka 2008, na Arneson mwaka 2009.

Je, wazo lilikuwa la nani? Nimelisoma swali hili kwa upande wa Gygax, nikalisoma kwa upande wa Arneson, na kila mara nilijiona mimi na mwenzangu tumesimama kando ya mashine ya kusaga. Bila Arneson, Gygax angebaki na kanuni za majeshi. Bila Gygax, mahandaki ya Arneson yangebaki katika daftari na katika kumbukumbu za marafiki wachache. Na bila dola 1,000 za Kaye, asiyetajwa na wengi, pengine boksi lisingechapishwa mwaka ule. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini chawa akishavunjwa, kila kidole hudai ushindi.

TULIVYOMALIZA USIKU ULE

Narudi bwaloni. Tulikuwa tumefika kwenye daraja la kamba juu ya korongo, joka likiwa nyuma yetu. Mwizi mwenye moyo mwema alitangulia, akarusha dadu, akapata 4. Msimulizi akasema ubao umekatika, na mwizi ananing'inia kwa mkono mmoja. Kisha akanigeukia mimi, kwa kuwa mbilikimo ndiye aliyekuwa karibu naye, akauliza lile swali lake: "Unafanya nini?"

Meza ilinyamaza. Wenzetu wawili walijua habari zetu, kijana hakujua. Nilisema, "Namshika." Nikarusha, nikapata 8. Kijana akasema nimefaulu, lakini kwa gharama: siwezi kumvuta kwa mkono mmoja, kwa hiyo lazima niliachie shoka langu litumbukie korongoni. Nililiachia. Mwenzangu alinitazama, akasema, "Samahani kwa shoka, ndugu yangu." Lilikuwa neno la kwanza kuniambia katika miaka 12. Nikamjibu kwamba shoka lilikuwa zito hata hivyo.

Sitadai kwamba dadu zilitupatanisha. Tulikaa nje ya bwalo hadi usiku wa manane, tukazungumza habari za mashine kwa majina yake halisi, na yalikuwapo maneno machungu. Lakini mtu hawezi kuanza mazungumzo kama hayo bila mahali pa kuanzia, na sisi mahali petu palikuwa daraja ambalo halikuwapo. Sasa tuna shamba dogo la alizeti kwa ubia, na safari hii kila kitu kimeandikwa, kikatiwa saini, na mashahidi ni mwindaji na mganga wa mizizi.

Kwenu wanafunzi nina mausia mawili. La kwanza, chezeni, mkishamaliza masomo yenu ya jioni. Hamhitaji fedha, dadu mbili za ludo, penseli na karatasi zatosha, na mazimwi mnayo tayari katika hadithi za bibi zenu. Msimulizi awe mwenye kusikiliza kuliko mwenye kusema. La pili, mkianzisha jambo pamoja, liwe mchezo, duka au klabu, andikeni tangu siku ya kwanza nani ameleta nini. Kuandikiana si kukosa imani. Ni kuulinda urafiki na siku ya faida.

Kwenu wanachama wenzangu nasema hili moja. Mkutano ujao nitakuja na dadu. Kama kuna mwenzako mliyekosana tangu bwenini au baada ya hapo, njooni mkae meza yetu. Nafasi ya mbilikimo imeshikwa, lakini shoka bado halijapatikana, na mtu wa kushuka korongoni kulitafuta anahitajika.